Shajara ya mradi: vichwa vya mvuke vya Uingereza kwenye karatasi moja

Januari 18

Mradi umeanza. Nachora ubavu wa vichwa vya treni vya mvuke vilivyosanifiwa Uingereza, vyote kwa kipimo cha 1:50, kwenye karatasi moja ya A0. Aliyeuchokoza ni rafiki yangu anayefundisha uchoraji wa mitambo. Anataka kitu cha kutundika darasani kabla ya Septemba 27, 2025, siku ambayo reli ya Stockton na Darlington inatimiza miaka 200 tangu George Stephenson aendeshe Locomotion No. 1 mbele ya umati. Kazi yangu ya kila siku ni kuchora majengo, kwa hiyo kalamu ninayo. Mapenzi ya reli niliyapata utotoni na hayajawahi kunitoka.

Nimesisitiza kipimo kimoja kwa sababu picha nyingi zinazozunguka mtandaoni hujaza ukurasa mzima kwa kila kichwa, na hivyo Rocket ya 1829 na Mallard ya 1938 wanaonekana kama wa rika moja. Ukivipanga kwa kipimo kimoja ndipo unapoona kipi kilikua na kipi kilikwama.

Kuna kitu kimoja kilichokwama tangu mwanzo, nacho nimekichora kabla ya kichwa chochote: sanduku la vipimo. Madaraja na mahandaki ya Uingereza yalijengwa mapema mno, kabla mtu hajajua mashine hizi zitafikia ukubwa gani. Chochote kinachopita chini yake hakina budi kuwa na kimo kisichozidi mita 4 hivi na upana wa mita 2.7. Kwenye karatasi yangu hilo ni sanduku la milimita 80 kwa 54, na wasanifu wote ninaowachora walifanyia kazi humo kwa zaidi ya karne.

Februari 1

Rocket imekamilika. Ni ndogo mpaka inachekesha, lakini karibu kila kitu kimo. Boila ina mabomba 25 ya shaba nyekundu yanayopitisha joto la moto katikati ya maji, wazo lililotoka kwa Henry Booth, katibu wa kampuni ya reli ya Liverpool na Manchester. Waliotangulia walitumia bomba moja nene, au mawili. Sanduku la moto limetengwa nyuma, nalo limezungukwa na maji. Mvuke uliokwisha kusukuma pistoni unapulizwa juu kupitia dohani, na mpulizo huo ndio unaovuta hewa kupita motoni. Kichwa kikikazana, moto nao unakolea wenyewe. Kanuni hiyo haikubadilika mpaka mwisho wa enzi ya mvuke.

Nimeichora kama ilivyokuwa kwenye mashindano ya vichwa vya mvuke ya Rainhill, Oktoba 1829, silinda zikiwa zimeinamishwa sana. Muda mfupi baadaye zilishushwa karibu kulala, kwa kuwa mkao ule ulikuwa ukiiyumbisha mashine. Mabaki yaliyohifadhiwa yanaonyesha mkao wa pili, kwa hiyo atakayelinganisha mchoro wangu na picha za jumba la makumbusho asishangae.

Februari 9

Stirling Single, ya reli ya Great Northern, karakana ya Doncaster, 1870. Gurudumu moja la kuendesha kila upande, kipenyo futi 8, takriban mita 2.44. Kwenye karatasi ni karibu sentimita 5. Nilitumia bikari, na gurudumu lilipokamilika nilikaa nikalitazama tu.

Ukubwa ule una sababu zake. Gurudumu likizunguka mara moja kichwa kimeshasogea mita saba na nusu, hivyo pistoni haina haja ya kwenda mbio, na vyuma vya siku zile havikupenda mbio. Patrick Stirling pia hakuwa na imani na vyuma vya kuunganisha magurudumu kwenye mwendo wa kasi. Matokeo ni kichwa chenye sura ya kupendeza kuliko vyote kwenye karatasi hii (nitabishana na yeyote), na chenye mshiko hafifu wa reli mabehewa yanapokuwa mazito. Vilitengenezwa 53, kisha uzito wa treni ukavipita.

Machi 2

Leo nimechora Atlantic kubwa (kichwa cha aina ya 4-4-2) ya msanifu Ivatt, namba 251 ya 1902, ya reli ileile ya Great Northern, na mradi mzima umenibadilikia mkononi.

Nilikuwa nikidhani nachora historia ya magurudumu. Waingereza wenyewe huvihesabu vichwa kwa magurudumu: 4-4-2, 4-6-0, 4-6-2, yaani ya mbele, ya kuendesha, ya nyuma. Lakini nilipoweka Stirling juu na Ivatt chini yake, macho yalikwenda moja kwa moja nyuma, kwenye sanduku la moto. Kwa Stirling limebanwa katikati ya fremu mbili za chuma, na fremu zenyewe zimebanwa katikati ya magurudumu. Reli ina upana wa milimita 1,435. Ukiondoa unene wa magurudumu, fremu, na maji yanayozunguka moto, chanja ambacho makaa yanalalia kinabaki na upana wa mita moja hivi. Ukitaka moto zaidi, njia pekee ni kurefusha chanja, na stoka, yaani mlisha moto, hawezi kurusha makaa mbali bila kikomo.

Ivatt aliweka magurudumu madogo nyuma, kisha akalitandaza sanduku la moto juu yake, nje ya fremu, kulia na kushoto. Chanja kikapata karibu mita mraba 2.9 bila kuwa kirefu. Ndiyo maana magurudumu ya nyuma ya namna ile yapo: yamewekwa kuupa moto nafasi.

Kwa hiyo nimeongeza jambo ambalo halikuwa kwenye mpango. Kila mchoro sasa utakuwa na chanja chake kimepakwa rangi ya chungwa, kwa kipimo kilekile. Rocket nayo nimeirudia: nukta ndogo ya chungwa, nusu mita mraba hivi.

Machi 16

Castle ya reli ya Great Western, 1923. Hapa chungwa ni jembamba tena, nusura nidhani nimeruka hatua. Wasanifu wa Swindon, karakana ya Great Western, walishikilia sanduku jembamba katikati ya magurudumu na bado walitoa kichwa bora.

Sifa nyingi ni za George Churchward, aliyekuwa mhandisi mkuu wao, ingawa Castle yenyewe ilitoka wakati wa mrithi wake, Charles Collett. Churchward hakuona haya kuchukua kwa wengine. Sanduku la moto lenye mabega ya mraba asili yake ni kwa Belpaire, Mbelgiji. Boila inayonenepa kuelekea nyuma aliiona Marekani. Mwaka 1903 kampuni yake ilinunua kichwa kutoka Ufaransa, La France, ili wakijaribu na wakichunguze. Shinikizo la mvuke likapandishwa hadi pauni 225 kwa inchi mraba. La muhimu kuliko yote, vali zilipewa mwendo mrefu. Zinafunguka kwa upana, mvuke unaingia haraka, unakatwa mapema, halafu unaachwa ujipanue wenyewe ndani ya silinda kabla ya kutoka. Makaa machache, kazi ileile.

Mwaka 1925 Pendennis Castle ilipelekwa kwa wapinzani, reli ya LNER, ikafanya kazi kutoka stesheni ya King's Cross, London, sambamba na vichwa vikubwa vya Nigel Gresley vya aina ya 4-6-2. Castle ilikuwa ndogo kwa umbo, ikavuta treni zilezile na ikala makaa machache. Gresley alimeza hilo kimyakimya, akabadilisha vali za vichwa vyake. Napenda mhandisi wa namna hiyo.

Machi 30

Hakuna jipya. Kazi za wateja.

Aprili 20

A4 ya Gresley, yaani familia ya Mallard. Mchoro wa nje ulinichukua jioni moja tu maana ganda la nje, la kupunguza ukinzani wa hewa, ni mikunjo michache mirefu. Lililonishughulisha ni kilichomo ndani, nami nimekionyesha kwa mistari ya nukta: boila yenye kipenyo cha mita 1.96 mahali ilipo nene zaidi, silinda tatu, chanja cha mita mraba 3.8 juu ya magurudumu ya nyuma. Fuata mistari ya nukta utamwona Ivatt wa 1902 amelala humo.

Rekodi inajulikana: Julai 3, 1938, maili 126 kwa saa, sawa na kilomita 203, kwenye mteremko wa Stoke kusini ya Grantham. Dereva Joe Duddington, stoka Tommy Bray. Wanaopenda kasi hutaja ganda. Mimi ningewaelekeza kwenye dohani, ambayo kwa Mallard ni mbili zilizofungwa pamoja, mfumo wa Kylchap, zikiuruhusu mvuke kutoka bila kukabwa. Mvuke unaokwama ukitoka unaisukuma pistoni kinyume, na hapo hata ganda zuri namna gani halikuokoi. Beringi ya mtambo wa silinda ya katikati, iliyochemka siku hiyo, nimeiwekea alama ndogo nyekundu. Mwalimu akitaka kuuliza swali la mtihani, hilo hapo.

Mei 4

Duchess ya William Stanier, reli ya LMS, 1937 na kuendelea. Chanja mita mraba 4.65. Hapa ndipo chungwa linapofika kikomo chake kwa vichwa vikubwa vya abiria, na kikomo chenyewe ni mgongo wa mtu. Februari 1939 Duchess of Abercorn ilijaribiwa kati ya Crewe na Glasgow ikiwa na mabehewa 20, zaidi ya tani 600. Ili kuona boila inaweza nini, waliweka stoka wawili. Nguvu iliyopimwa kwenye ndoano ya nyuma ilifika karibu farasi 2,500, na haijapitwa na kichwa kingine cha mvuke cha Uingereza. Lakini katika kazi ya kawaida kuna stoka mmoja tu mwenye koleo. Msanifu anaweza kukuza boila, hawezi kukuza mikono ya stoka.

Merchant Navy, aina ya vichwa vya msanifu Bulleid, nimeiacha nje. Vali zinazoendeshwa kwa mnyororo ndani ya beseni la mafuta ni hadithi tamu, ila beseni lilivuja, mafuta yakaenda yasikotakiwa, na kuanzia 1956 vikajengwa upya bila mnyororo. Ukuta wa darasa hauna nafasi ya kila kitu.

Mei 25

9F, kichwa kikubwa cha mwisho cha Shirika la Reli la Uingereza. Magurudumu kumi ya kuendesha, kipenyo futi 5 tu. Wasanifu wa Robert Riddles walifikiria kwanza 2-8-2, wakaishia kuipandisha boila juu mpaka sanduku pana la moto likakaa juu ya magurudumu ya nyuma ya kuendesha, bila magurudumu ya msaada. Nilipoweka sanduku langu la milimita 80 juu ya mchoro, dohani ilibakiza nafasi ndogo ya kuhuzunisha. Gurudumu la katikati halina ukingo wa ndani kabisa, ili mashine ndefu hivyo ipite kwenye kona.

Vilijengwa 251 kati ya 1954 na 1960. Cha mwisho, Evening Star, kilitoka Swindon Machi 1960, na Machi 1965 kikaondolewa kazini. Miaka mitano! Mashine iliyojengwa kudumu arobaini. Nimejizuia kuandika hasira yangu kwenye maelezo ya mchoro, ila hapa naiandika.

Juni 14

Jumba la Makumbusho ya Reli, Nairobi. Hiki ndicho kichwa nilichokuwa nikikiwekea nafasi ya chini tangu Januari: daraja (yaani aina) la 59, namba 5918, Mount Gelai. Darasa litakalotundika karatasi hii ni letu, na kichwa chenyewe ni cha Manchester. Vyote 34 vilitoka kwa Beyer, Peacock, kiwanda cha Gorton, mwaka 1955 na 1956, kwa Reli za Afrika Mashariki, na kila kimoja kikapewa jina la mlima.

Michoro ya jumla ninayo, lakini nilitaka kupima mwenyewe mahali pamoja: chini ya boila. Nilipiga magoti kwenye kokoto ubavuni, nikainamisha kichwa. Kwa Castle au A4, mtu akichungulia hapo anakutana na magurudumu, fremu, breki, vyuma juu ya vyuma. Kwa 5918 nilichungulia chini ya sanduku la moto nikaona nyasi za upande wa pili. Hakuna ekseli wala gurudumu. Juu yangu kulikuwa na tumbo la sufuria kubwa la chuma, na mbali kushoto na kulia, zile injini mbili zilizolibeba.

Huo ndio uvumbuzi wa Herbert Garratt, uliopewa hataza mwaka 1907. Boila imebebwa katikati kama mgonjwa kwenye machela, injini moja ikitangulia na nyingine ikifuata, kila moja ikizunguka kwenye egemeo lake ili ipite kona. Tangi la maji liko juu ya injini ya mbele, mafuta juu ya ile ya nyuma. Garratt alikuwa amefanya kazi kwenye reli za ng'ambo kabla ya kuleta wazo lake kwa Beyer, Peacock. Vya kwanza kabisa vilikwenda Tasmania mwaka 1909. Yeye akafariki 1913, kabla ya vile vikubwa.

Mzee mmoja alikuwa amekaa kwenye kibaraza akinitazama nikitambaa. Nikaenda kumwamkia.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Umepoteza nini huko chini, kijana wangu?"

Nikamweleza. Akacheka, akasema alikuwa stoka wa hivi vichwa, Mombasa na Nairobi, enzi za mafuta mazito. Nikamuuliza stoka wa mafuta alikuwa na kazi gani, maana hakuna koleo.

"Koleo lipo," akasema. "La mchanga. Mafuta yanaacha masizi kwenye mabomba ya boila, mvuke unaanza kushuka. Basi dereva akifungua vizuri mnapanda, wewe unatupa mchanga kidogo mlangoni. Moto unauvuta, unasugua mabomba yote mpaka dohani. Tazama nyuma sasa: moshi mweusi tititi, nusu ya treni huioni. Halafu unakuwa mweupe. Hapo unakaa."

Akanionyesha kwa kiganja jinsi alivyokuwa akishika vali ya mafuta, vidole viwili tu, macho yakiwa kwenye dohani. Ukiona moshi mweusi punguza, usipoona moshi kabisa ongeza kidogo. Nimeweka maelezo hayo pembeni ya mchoro, kwa maneno yake.

Juni 29

Daraja la 59 limekamilika kwa ubavu. Sentimita 63 kwenye karatasi; A4 na tenda yake (behewa la makaa na maji) ni 43. Uzito tani 252, magurudumu 4-8-2+2-8-4, nguvu ya kuvuta pauni 83,350. Kilikuwa kikipandisha tani 1,200 kutoka usawa wa bahari hadi Nairobi, zaidi ya mita 1,600 juu.

Halafu nikapaka chungwa. Mita mraba 6.7.

Nimeongeza michoro miwili ya uso kwa uso, A4 na 59, kila kimoja kikisimama juu ya reli yake. Reli ya A4 ni milimita 28.7 kwenye karatasi, na boila yake 39. Reli ya 59 ni ya mita moja, kwa hiyo milimita 20 kamili, na boila iliyo juu yake ni karibu 46. Rafiki yangu alipoiona alidhani nimebadilisha kipimo. Sijabadilisha. Reli nyembamba kuliko zote kwenye karatasi ndiyo yenye boila nene kuliko zote na moto mkubwa kuliko wote, kwa sababu moto haukulazimika tena kugombea nafasi na magurudumu. Na kwa kuwa ni mafuta yanayoungua, mgongo wa stoka nao haukuwa kizuizi. Vikomo vyote viwili nilivyokuwa nikivifuata tangu Machi viliondolewa kwenye mashine moja, iliyosanifiwa Gorton kwa ajili ya mlima wa kutoka Kilindini.

Julai 13

Swali ambalo wanafunzi watauliza: kama vichwa vya Garratt ni bora hivyo, mbona Uingereza yenyewe haikuvitumia?

Ilijaribu. Nimeongeza U1, Garratt ya Gresley ya 1925, kwa mstari mwembamba, pembeni. Kimoja tu kilijengwa, 2-8-0+0-8-2, kwa ajili ya kusukuma treni za makaa ya mawe kwenye mwinuko wa Worsborough huko Yorkshire. Kwa nguvu ya kuvuta hakuna kichwa kingine cha mvuke kwenye reli za Uingereza kilichokifikia. Ila chanja chake kilizidi mita mraba 5, na kililishwa kwa koleo. Unaweza kukisia mastoka walikisemaje.

LMS nao waliagiza 33, vitatu mwaka 1927 na vingine 1930. Beyer, Peacock walijua kutengeneza Garratt kuliko mtu yeyote duniani, lakini ofisi ya usanifu ya LMS huko Derby ilishikilia masanduku ya ekseli ya kipimo chake cha zamani, madogo kwa uzito ule, na vali za mwendo mfupi. Ekseli zikachemka, makaa yakaliwa. Wakati huohuo kiwanda kilekile kilikuwa kikipeleka vichwa visivyo na shida hizo Afrika, Asia na Australia. Nchi iliyovitengeneza ikapewa vibaya, tena kwa amri ya wateja wake wenyewe. Kwangu hicho ni kisa cha usanifu kuliko rekodi ya Mallard, na nimekipa aya ndefu kuliko zote kwenye karatasi.

Agosti 10

Mpangilio wa mwisho: safu nne, Rocket juu kushoto, daraja la 59 limetanda chini, sanduku la vipimo pembeni. Miraba ya chungwa imepangwa wima ukingoni kuanzia nusu mita mraba hadi 6.7, pamoja na Castle inayoharibu mstari kwa kurudi nyuma. Nimeiacha iharibu.

Jaribio la kwanza la kuchapa limetoka vizuri isipokuwa mistari ya nukta ndani ya A4, ambayo imefifia. Nitaikoleza na kupunguza wino wa ganda. Mzee ameomba nakala moja. Yake nitaichapa kwenye karatasi nzito, na vali ya mafuta nimeiongezea alama kwenye mchoro wa chumba cha dereva, upande aliosema alikuwa akikaa.